Kutoka Dawati la Mikopo hadi Karatasi ya Kura: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja: mtu aliyetumia miaka yake ya kazi benki anaacha kiti chake, anachukua fomu ya kugombea, na walio karibu naye wanaamini kwamba hana nafasi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kumfaa mtu mwingine pia, na tumeondoa majina na maeneo ya walioandika.

Swali: Nilikuwa meneja wa mikopo kwa muda mrefu. Sasa nataka kugombea ubunge dhidi ya mbunge aliyeshinda mara tatu mfululizo. Jamaa zangu wananiambia ninajitafutia aibu. Je, yupo mtu wa benki aliyewahi kushinda katika hali kama yangu, au hao tunaowasikia walibebwa na majina yao?

Jibu: Wapo walioshinda, lakini watazame kwa makini kabla ya kujilinganisha nao, kwa sababu karibu kila mmoja wao alikuwa na kitu ambacho hakukipata benki. Anayetajwa kwanza siku zote ni Emmanuel Macron. Alifanya kazi katika benki ya uwekezaji ya Rothschild kuanzia mwaka 2008 hadi 2012, hakuwahi kushika wadhifa wowote wa kuchaguliwa, na vuguvugu lake la En Marche lilizinduliwa Aprili 2016, miezi kumi na mitatu tu kabla hajachaguliwa kuwa rais wa Ufaransa. Habari hiyo ikisimuliwa hivyo inafanana na muujiza. Wanaoisimulia huruka miaka miwili aliyokaa Ikulu akiwa msaidizi wa Rais François Hollande, na miaka mingine miwili ya uwaziri wa uchumi. Tena njia ilimfungukia kwa namna ambayo hakuna mgombea anayeweza kuipanga: Desemba 2016 Hollande alitangaza kwamba hatagombea tena, na kuanzia Januari 2017 François Fillon, mgombea wa mrengo wa kulia aliyekuwa akipewa nafasi kubwa, aliandamwa na kashfa ya mishahara aliyolipwa mkewe. Katika duru ya kwanza Macron alipata asilimia 24 na Fillon asilimia 20. Duru ya pili, dhidi ya Marine Le Pen, ilimpa Macron asilimia 66, na ndiyo takwimu ambayo watu huikumbuka, ingawa kazi ngumu ilikwisha kufanyika katika ile ya kwanza.

Mfano wa Benin hausemwi sana, nao una mafunzo zaidi kwa mtu wa hali yako. Thomas Boni Yayi aliongoza Benki ya Maendeleo ya Afrika Magharibi, yenye makao yake Lomé, Togo, kuanzia mwaka 1994 hadi 2006, kisha akagombea urais bila tiketi ya chama na kushinda duru ya pili kwa takriban asilimia 75. Sifa ya kuendesha taasisi kubwa ya fedha ilimsaidia, hilo halina ubishi. Lakini wakongwe wawili waliopokezana nchi kwa miaka mingi, Mathieu Kérékou na Nicéphore Soglo, walikuwa wamezuiwa na katiba, ambayo haimruhusu mtu aliyevuka umri wa miaka 70 kugombea. Kwa maneno mengine, hapakuwa na mwenye kiti wa kumng'oa.

Sasa mtazame Kingsley Moghalu wa Nigeria. Alikuwa naibu gavana wa Benki Kuu ya nchi hiyo kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, ni msomi, anajieleza vizuri, na alipogombea urais mwaka 2019 kupitia chama kidogo cha YPP hakukosa watu wa kumsikiliza mijini. Siku ya kuhesabu, kura zake hazikufika 25,000 kati ya kura halali zaidi ya milioni 27. Hakushindwa kwa kukosa hoja. Alikuwa anapambana na vyama viwili vyenye watu wao hadi kwenye vituo vya vijijini kabisa, na watu hao huanza kazi muda mrefu kabla mabango hayajabandikwa.

Kwa hiyo swali lako si kama mtu wa benki anaweza kushinda. Jiulize kwanza kama kiti unachokitaka kimelegea: je, mbunge wako amechokwa na wapiga kura tu, au pia na makada wa chama chake mwenyewe, wale wanaomtafutia kura? Mbunge aliyechokwa na wananchi lakini bado ana makada wake hushinda mara ya nne bila shida kubwa. Baada ya hapo chukua daftari, andika orodha ya vituo vyote vya kupigia kura katika jimbo, na pembeni ya kila kituo andika jina la mtu ambaye ukimpigia simu usiku wa kuhesabu kura atapokea na kukwambia kilichoandikwa kwenye fomu ya matokeo. Kama nusu ya mistari itabaki wazi, bado hujawa mgombea, na miezi ya kwanza itumie kuijaza mistari hiyo kwa miguu yako. Kuhusu aibu, wapo watu wengi wa heshima ambao kura zao hazikutosha, na hakuna anayewacheka baada ya mwaka mmoja.

Swali: Je, ni heri kupitia chama au kuwa mgombea binafsi? Mimi nachukia siasa za vyama.

Jibu: Inategemea kwanza sheria ya nchi yako. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu mgombea binafsi, mradi asiwe amekuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Tanzania hairuhusu, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitamka mwaka 2013 kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia. Pale sheria inaporuhusu, uhuru huo una gharama yake: mgombea wa chama hurithi mawakala, ofisi na rangi ambayo wapiga kura wanaijua, ilhali wewe utavitafuta vyote kimoja kimoja. Kuchukia siasa za vyama si sababu ya kutosha, kwa maana hata bungeni vyama utavikuta.

Swali: Mume wangu amestaafu benki. Anataka kuweka kiinua mgongo chote kwenye kampeni ya udiwani, na anataka tuweke nyumba rehani ili kuziba pengo. Nikimuuliza, ananijibu kwamba hesabu anazijua kuliko mimi. Nimwambie nini?

Jibu: Dada yetu, mwombe afanye lile alilowafanyia wateja wake miaka yote: akae mezani, aandike maombi ya mkopo kwa jina lake mwenyewe, na afike kwenye sehemu inayouliza chanzo cha marejesho. Ataandika nini hapo? Kama jibu ni posho atakazolipwa akishinda, basi marejesho yanategemea tukio ambalo yeye mwenyewe anakiri kwamba ni gumu kutokea, na meneja yeyote wa mikopo aliyewahi kuketi kwenye kamati anajua faili la namna hiyo huishia wapi. Mwulize pia angemjibu nini mteja aliyeleta maombi hayohayo.

Watu wa benki huamini, pengine kuliko wengine, kwamba fedha ikiwa nyingi vya kutosha itafungua mlango. Mara nyingine hufungua. Jon Corzine, aliyewahi kuwa mkuu wa benki ya uwekezaji ya Goldman Sachs, alitumia zaidi ya dola milioni 60 za mfukoni mwake kuwania useneta wa New Jersey mwaka 2000, jambo linalowezekana Marekani kwa sababu Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1976 kwamba mgombea hawezi kuwekewa kikomo cha kutumia mali yake mwenyewe. Alishinda kwa tofauti ya takriban pointi tatu tu. Mwaka 2009, akiwa gavana wa jimbo hilohilo, alitumia fedha nyingi kuliko mpinzani wake Chris Christie na akashindwa. Ikiwa kwa mtu mwenye utajiri wa kiasi hicho fedha ilifika mahali ikagoma, kiinua mgongo cha familia moja hakitafika mbali.

Kuna jambo ambalo huenda mumeo hajaliona, nalo ni wapambe. Habari ikishaenea kwamba mgombea ametoka benki na ana mafao yake, nyumba yenu haitakauka wageni. Huyu ataleta bei ya fulana, yule mafuta ya pikipiki, mwingine atasema ana vijana hamsini ambao hawajala. Inashangaza jinsi mtu ambaye kazini hakuidhinisha ununuzi wa viti bila nukuu tatu za bei anavyotoa fedha taslimu uwanjani bila stakabadhi hata moja, kwa sababu tu anayeomba amemwita mheshimiwa. Mwambieni ndugu mmoja asiye na makuu, anayejua kusema hapana, awe mtunza fedha, na malipo yote yapite kwake kupitia akaunti ya kampeni iliyo mbali na akaunti ya nyumbani.

Kikomo cha matumizi kiwekwe kabla ya kuchukua fomu, kiandikwe, na nyote wawili mtie saini. Nyumba isiguswe. Katika nchi kadhaa nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo kukataa kwako kunaweza kuwa na uzito wa kisheria, na yeye aliyekuwa akizipokea hati hizo analijua hilo. Kinachopungua achangishe, hata kwa viwango vidogo. Nchini Ufaransa sheria inamzuia mtu mmoja kumchangia mgombea zaidi ya euro 4,600, na kampuni haziruhusiwi kuchangia kabisa, jambo linalowalazimu wagombea kutafuta wachangiaji wengi. Hata pasipo na sheria ya aina hiyo, aliyechanga kidogo siku ya kura hutoka nyumbani kwake mapema, maana naye ameweka chake.

Swali: Ninasimamia kampeni ya mgombea aliyewahi kuwa mkurugenzi wa benki. Kila mkutano wapinzani wanamleta mtu ambaye nyumba yake ilipigwa mnada. Mgombea wetu anasema tusijibu, litapita. Je, ni sahihi?

Jibu: Halitapita, na kadiri mnavyonyamaza ndivyo linavyogeuka kuwa jina lake. Guillermo Lasso wa Ecuador angeweza kumweleza mgombea wenu, kwani alibeba mzigo huu kwa chaguzi tatu. Machi 1999 serikali ya nchi hiyo ilifunga mabenki na kuzuia amana za wananchi. Benki kadhaa zilianguka, akiba za familia zikayeyuka, watu wengi wakahamia ng'ambo, na mwaka uliofuata sarafu ya taifa iliachwa na dola ya Marekani ikachukua nafasi yake. Lasso wakati huo alikuwa mkuu wa Banco Guayaquil, na mwaka huohuo alishika uwaziri wa uchumi kwa muda mfupi. Benki yake haikuanguka, lakini kwa mpiga kura aliyepoteza akiba, sura ya mwenye benki ilikuwa moja tu. Mwaka 2013 alishindwa vibaya na Rafael Correa. Mwaka 2017 alishindwa na Lenín Moreno kwa kupata asilimia 49 hivi. Mwaka 2021 aliponea chupuchupu kuingia duru ya pili, akimpita Yaku Pérez kwa chini ya nusu ya asilimia moja, na ndipo akashinda kwa asilimia 52.

Kati ya duru hizo mbili za mwaka 2021 alibadilisha namna ya kuzungumza. Aliacha kuhutubia kana kwamba yuko mbele ya bodi ya wakurugenzi, akaingia TikTok akiwa na viatu vyekundu, akaanza kuyasikiliza makundi ambayo awali hayakuwa yake. Wapo walioona kituko, na kwa kweli mzee mwenye benki akicheza mbele ya kamera si jambo ambalo kila mgombea aliige. Hata hivyo alikuwa ametambua kwamba watu hawakuhitaji kuelezwa tena jinsi uchumi unavyofanya kazi. (Urais wenyewe haukumnyookea: Mei 2023, akikabiliwa na hoja ya kung'olewa madarakani, alilivunja bunge, na katika uchaguzi uliofuata hakugombea.)

Turudi kwa mgombea wenu. Sentensi mbaya kuliko zote anayoweza kuitamka ni kwamba alikuwa anafuata taratibu. Ni kweli, na kila aliyepoteza nyumba anajua kuwa ni kweli. Hicho ndicho kinachomuuma. Amtafute yule mtu anayeletwa mikutanoni, amwendee bila mpiga picha, amsikilize hadi mwisho, na akubali kumweleza saini yake ilikuwa ya ngazi gani katika uamuzi ule. Kama kuna wateja aliowapa muda zaidi au kuwapangia upya marejesho badala ya kuwauzia mali, hao waseme wenyewe wakitaka, maana akiyasema yeye yatakuwa majigambo. Na asije, kwa kujihami, akaahidi kufuta madeni ya watu. Fedha zinazokopeshwa ni amana za wateja wengine, na mgombea aliyetoka benki akitoa ahadi hiyo, wasikilizaji wataelewa kwamba anawadanganya kwa makusudi, kwa kuwa hawezi kudai kwamba hajui.

Anachoweza kuahidi ni kile ambacho mbunge ana uwezo nacho. Aliyekaa upande ule wa meza anajua wapi sheria inamwacha mkopaji peke yake: muda wa notisi kabla ya mnada ni mfupi kiasi gani, mkataba umeandikwa kwa lugha gani, jumla ya riba na tozo inaonyeshwa ukurasa wa kwanza au imefichwa katika herufi ndogo za ukurasa wa tisa, na ni nani anayethamini nyumba kabla haijauzwa kwa bei ya kutupa. Asimame jukwaani na mkataba wa mkopo mkononi, ausome kifungu kwa kifungu, aseme kipi atapigania kibadilishwe. Hakuna mgombea mwingine katika kinyang'anyiro hicho anayeweza kufanya hivyo, na ajabu ni kwamba watu wa benki wanaoingia siasa hukimbilia kuzungumzia barabara na maji kama kila mtu.

Swali: Nikiwa benki niliwahi kuona faili la mtu ninayeshindana naye sasa. Ana mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, na amekwepa kulipa kwa miaka, lakini anajinadi kama mfanyabiashara hodari. Wananchi hawana haki ya kujua?

Jibu: Usiseme, hata kwa fumbo. Wajibu wa kutunza siri za mteja haukomi siku unaporudisha kitambulisho cha kazi. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza, msingi wake ni hukumu ya mwaka 1924 katika kesi ya Tournier, ambapo mahakama ya rufaa ilieleza kwamba siri inaweza kutolewa pale tu sheria inapolazimisha, umma unapokuwa na haja ya kweli, maslahi ya benki yenyewe yanapotaka, au mteja anaporidhia. Hiyo haja ya umma isikudanganye. Si jambo ambalo mtu anajiamulia akiwa ameshika kipaza sauti, tena dhidi ya mpinzani wake. Unaweza kushtakiwa, na benki uliyotoka inaweza kuburuzwa pamoja nawe.

Acha sheria kidogo, ufikirie uwanja wenyewe. Utakapotaja deni la mpinzani wako watu watapiga makofi, kisha wakiwa njiani kurudi nyumbani kila mmoja atakumbuka kwamba faili lake nalo uliliona. Kama kuna hukumu ya mahakama au tangazo la mnada lililochapishwa gazetini, hizo ni habari za wazi na mwandishi yeyote anaweza kuzitafuta, ila wewe usiwe wa kumwonyesha aanzie wapi.

Swali: Bado nina hisa katika benki niliyoitumikia. Niziuze kabla ya kugombea au nisubiri nishinde?

Jibu: Zitangaze kabla, kuuza ni suala la pili. Mark Carney, aliyekuwa gavana wa Benki Kuu ya Kanada na baadaye wa Benki Kuu ya Uingereza, alipata uwaziri mkuu wa Kanada Machi 2025 bila kuwahi kuchaguliwa popote, na kiti cha ubunge alikipata mwezi uliofuata. Mali zake aliziweka chini ya wadhamini wanaoziendesha bila kumshauri, na bado wapinzani waliendelea kuuliza kuhusu Brookfield, kampuni aliyokuwa mwenyekiti wa bodi yake, wakisema kwamba mtu hasahau alichokiweka kabatini. Maswali hayo aliyapata mapema, akayavuka. Pedro Pablo Kuczynski wa Peru, mtu mwingine wa benki, alishinda urais mwaka 2016 kwa tofauti ya kura zipatazo 41,000, lakini malipo ambayo kampuni aliyoimiliki ilipokea kutoka Odebrecht, kampuni ya ujenzi ya Brazil, wakati yeye akiwa waziri miaka ya nyuma, yalifichuka akiwa tayari Ikulu, na Machi 2018 alijiuzulu.

Ukiamua kuuza, tunza stakabadhi za mauzo na taarifa za benki za miaka iliyopita. Ukishinda nafasi kubwa utaingia katika kundi la wateja ambao benki hutakiwa kuwachunguza zaidi kwa sababu ya wadhifa wao, pamoja na mwenzi wako na watoto wako. Ofisa kijana, huenda mmoja wa wale uliowafundisha kazi, atakupigia simu kuuliza fedha fulani imetoka wapi, nawe utatakiwa kumpa karatasi.